Ziwa Turkana: uingilie Lodwar au Loiyangalani?

Mtu akikwambia "tunaenda Ziwa Turkana", muulize upande upi. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, kutoka kwenye mawe meusi ya kusini hadi mpaka wa Ethiopia, na hakuna daraja wala feri ya kukuvusha. Upana wake ni kama kilomita 30 tu. Lakini ukitaka kutoka Kalokol, kwenye ufuo wa magharibi, hadi Loiyangalani, kwenye ufuo wa mashariki, kwa gari, itabidi urudi kusini mamia ya kilomita, uzunguke, kisha upande tena kaskazini kwa njia nyingine. Kwa hiyo safari moja, ufuo mmoja. Nimeona makundi yakipanga "kuzunguka ziwa" kwa siku sita, na yote yaliishia kuona dashibodi kuliko maji.

Nimelala pande zote mbili, kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema. Kama hujawahi kufika na una siku nne au tano, nenda magharibi, uingilie Lodwar. Kama una siku nane au zaidi, magari mawili na wenzako si watu wa kulalamika, nenda mashariki, Loiyangalani. Maji ni yale yale, kijani kinachobadilika rangi kila wingu linapopita. Kinachotofautiana ni barabara na upepo, na hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua kama utafurahi.

Njia ya kufika

Magharibi kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni ndege: kuna safari za abiria za kawaida kati ya Nairobi na Lodwar, na ukitua tu umebakiza kama saa mbili za gari kufika majini. Ya pili ni barabara ya Kitale, Kapenguria, Marich, Kainuk, Lokichar hadi Lodwar. Kutoka Nairobi inakaribia kilomita 700, na kwa mtu mwenye akili ni siku mbili, ukilala Kitale. Kuna mabasi pia. Ukishateremka Marich unaiacha hewa baridi nyuma kama mtu aliyefunga mlango wa friji, na kuanzia hapo ni miiba, ngamia na joto. Kapenguria penyewe pana makumbusho katika gereza walimozuiliwa Jomo Kenyatta na wenzake watano. Yeye baadaye alipelekwa Lokitaung, kisha Lodwar. Ukipita, simama nusu saa. Utaielewa zaidi Lodwar ukiijua kwanza kama mahali ambapo serikali ya kikoloni iliwatupa watu ili wasahaulike.

Kutoka Lodwar unachagua tena. Kalokol iko kama kilomita 60 kwa barabara inayopitika vizuri. Eliye Springs iko umbali kama huo, lakini mwisho wake ni mchanga. Hapo ndipo nilipowahi kukwama na dereva aliyejiona bingwa. Alikanyaga mafuta, gari likazama hadi ekseli. Vijana watatu walitokea kwenye kivuli cha mkoma, wakatutazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko, mmoja akasema, "Mzee, toa upepo." Tukapunguza upepo kwenye magurudumu yote manne, tukatoka kwa dakika tano. Beba pampu ya kurudishia upepo huo, la sivyo utautafuta Lodwar nzima.

Mashariki ni habari nyingine. Lami ya Nairobi, Isiolo, Marsabit hadi Moyale ni nzuri, na inaweza kukudanganya kwamba safari ni nyepesi. Unaiacha Laisamis na kushika njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, kilomita 208 za changarawe hadi Sarima, kisha unasonga hadi Loiyangalani. Au unapanda hadi Marsabit, ulale kwenye mlima wenye ukungu na msitu, halafu ukate jangwa la Chalbi kupitia Kalacha na North Horr. Au unapita Maralal, Baragoi na South Horr, njia ya mawe ambayo wapenzi wake huisifu na magari yao huilaani. Kwa njia yoyote utakayoshika, gari liwe linalovuta magurudumu yote manne, na usitoke na tairi moja tu la akiba. Mawe ya volkano ya pale hayatoboi tairi, yanalichana.

Uwanja wa ndege Loiyangalani upo, ila ni wa ndege za kukodi. Ukiwa watu wengi wenye mifuko mizito mnaweza kugawana gharama. Wengi wetu tutaenda kwa gari.

Nitasema jambo ambalo wenye kupenda magharibi hawatalipenda: kama lengo lako ni kuona nchi, barabara ya mashariki inashinda mbali. Chalbi wakati wa kiangazi ni bapa jeupe lisilo na mwisho, na mahali unapofika ukingoni ukaliona ziwa chini, baada ya saa kadhaa za mawe meusi, hapana mfano wake huko magharibi. Kule Lodwar unafika ziwani bila kulitarajia. Ghafla mikoma, ghafla maji. Lakini Chalbi hiyo hiyo mvua ikinyesha hugeuka tope la kumeza lori. Mvua za Machi hadi Mei si nyingi, ila laga, yaani mito mikavu ya msimu, zikifurika unangoja ng'ambo mpaka zikauke, uwe na haraka au usiwe nayo.

Upepo

Hapa ndipo watu hawasomi, na hapa ndipo ningetaka msome mara mbili.

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi kama mlango, na hewa kutoka kusini mashariki hupenya humo kwa kasi mwaka mzima. Nguvu zake huongezeka usiku na kuendelea hadi asubuhi, kisha hupungua mchana. Hii si hadithi ya wavuvi tu. Ndiyo sababu mitambo 365 ya kuzalisha umeme ilisimamishwa pale Sarima, moja kwa kila siku ya mwaka, megawati 310 kwa jumla. Mtu hawekezi pesa za namna hiyo mahali ambapo upepo unakuja na kuondoka.

Sasa ulinganishe fuo mbili. Upepo ukitoka kusini mashariki, upande wa Loiyangalani unatoka nchi kavu kuelekea majini. Upande wa Eliye unatoka majini kuja ufuoni. Maana yake ni kwamba magharibi utapata mawimbi yanayopiga mchanga, na mtumbwi ukiharibika injini, kwa kawaida unasukumwa kurudi nchi kavu. Mashariki maji ya karibu na ufuo yanaweza kuonekana yametulia kabisa, kumbe upepo unakusubiri mita mia mbili mbele, na ukiharibikiwa hapo unasukumwa kwenda katikati ya ziwa. Mtoto mwenye boya la kuchezea upande wa mashariki simruhusu hata kidogo.

Mwaka 1934 watafiti wawili wa msafara wa mpelelezi Mwingereza Vivian Fuchs walishushwa Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Kisiwa hicho ndicho ambacho wageni wa Loiyangalani hutamani kwenda. Mimi nilifika bandarini mara mbili nikiwa tayari, na mara zote mbili nahodha akakataa kuondoka. Mara ya pili nilijaribu kumshawishi. Akanijibu kwa upole, "Mzee, wewe unataka kwenda, mimi nataka kurudi." Nikanyamaza. Ukipanga mashariki, weka siku mbili za akiba kwa ajili ya kisiwa, na ujue unaweza usikione.

Kisiwa cha Kati, kinachofikiwa kutoka Kalokol au Eliye, kina uwezekano mkubwa zaidi. Bado ni ziwa lile lile, na saa ya kuondoka ni ya nahodha kuamua wala si yako. Dai koti la kuokolea maisha kwa kila mtu, ulivae kabla ya kupanda, na uangalie kama kuna injini ya pili au angalau makasia. Ukiambiwa "hatujawahi kupata shida", tafuta mashua nyingine.

Usiku, tofauti ni ya hema. Loiyangalani upepo hushuka kutoka Mlima Kulal kama mtu anayesukuma lori. Vigingi haviingii kwenye mawe, kwa hiyo unafunga kamba kwenye mawe makubwa au kwenye gari lenyewe. Usiku wangu wa kwanza sufuria iliruka, na tuliipata asubuhi ikiwa imekwama kwenye kichaka cha miiba. Magharibi upepo upo, lakini mikoma inaukata, na vigingi virefu vya mchangani vinatosha. Anayependa usingizi achague magharibi, au achukue chumba cha ukuta.

Maji ya kunywa, maji ya kuogelea

Ziwa hili halina mto wa kutokea. Omo inaleta maji mengi kutoka Ethiopia, Turkwel na Kerio zinaleta kidogo, na yote huishia kupanda angani kwa jua. Chumvi inabaki. Maji yana ladha ya magadi, sabuni inateleza mwilini bila kuisha, na madini ya floraidi yaliyomo yamewaharibu meno na mifupa wenyeji wanaoyanywa maisha yao yote, hasa Waelmolo, wavuvi wa upande wa mashariki. Usipange kuyanywa, hata ukiwa na chujio. Chujio la kawaida la kambi huondoa vijidudu, halitoi chumvi.

Magharibi unajaza maji Lodwar, na kama yameisha unarudi Lodwar. Basi. Mashariki unahesabu. Mimi hubeba lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, za kupikia mbali, halafu naongeza za siku mbili ambazo sina mpango wa kuzitumia. Zigawe kwenye magaleni mengi. Galeni moja kubwa likipasuka juu ya mawe ndiyo mwisho wa safari. Mafuta vilevile: Lodwar kuna vituo, lakini mashariki jaza Marsabit au Laisamis ukiwa na mitungi, kwa sababu huko mbele utauziwa ya pipa, kwa bei ya pipa.

Kuogelea ndilo swali la kila mtu, na jibu ni mamba. Turkana ni miongoni mwa maziwa yenye mamba wengi wa Nile. Wenyeji wanajua ghuba ipi ni ya kuoga na ipi si ya kuoga, na wanajua kwamba jana si leo. Tangu mwaka 2020 hivi maji yamepanda, yamemeza fuo, barabara na nyumba, na pamoja nayo mamba na viboko wamehama. Ushauri uliousoma kwa mtu aliyekwenda 2017 hauna kazi. Eliye ina chemchemi za maji matamu zinazotoka ardhini karibu na ufuo, na kuoga hapo ni raha tosha. Loiyangalani nayo ina chemchemi yake, ndiyo iliyozaa mji. Jina lake lenyewe kwa Kisamburu linazungumzia mahali penye miti. Kwa hili naona pande zote mbili sawa.

Ukifika, utafanya nini?

Kisiwa cha Kati ndicho sababu kubwa ya kwenda magharibi. Ni kilomita za mraba 5 tu, volkano iliyoota katikati ya ziwa, na ndani yake mna maziwa matatu madogo ya kreta: la mamba, la heroe (flamingo) na la ngege. Unapanda ukingo wa kreta kwa miguu juu ya majivu yanayoteleza, na ukifika juu unaona maji ndani ya maji, kila moja na rangi yake. Ni matembezi ya saa chache. Nenda na viatu vilivyofunika kisigino, si ndara.

Njiani kati ya Lodwar na Kalokol, karibu kabisa na barabara, kuna nguzo za mawe ya basalti zilizosimamishwa na watu wa kale. Waturkana husimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Watu hupita bila kuziona wakikimbilia samaki. Kalokol yenyewe ina kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norwei miaka ya 1980, kikubwa kuliko kilichohitajika, ambacho hakikufanya kazi kama ilivyokusudiwa. Kama una kijana anayesoma mambo ya maendeleo, mpeleke akakitazame. Atajifunza zaidi ya muhula mmoja. Kwa wapenda mshipi, sangara wapo pande zote, lakini mashua, barafu na watu wanaojua kuvua na mgeni ni rahisi kupata magharibi.

Mashariki kuna watu na kuna mifupa. Loiyangalani ni mji mdogo ambamo Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo wanaishi pamoja, na kila mwaka hufanyika tamasha la utamaduni linalokusanya jamii za eneo lote. Tarehe hubadilika, kwa hiyo thibitisha kabla hujaomba likizo. Waelmolo ni mojawapo ya jamii ndogo kabisa nchini, wavuvi tangu zamani. Vijiji vyao ni karibu na mji, na hapo naomba jambo moja: usifike na kamera mbele. Salimia, kaa, mpate mtu wa kukupeleka, patana malipo ya ziara, na ndipo uulize kuhusu picha. Magharibi desturi ni hiyo hiyo, ila mashariki wageni wamewahi kuwafanya watu wachoke.

Halafu kuna Sibiloi, hifadhi ya kilomita za mraba 1,570 kaskazini zaidi, na ndani yake Koobi Fora. Hapo mwaka 1972 Bernard Ngeneo alipata vipande vya fuvu la binadamu wa kale ambalo dunia ililijua kwa namba yake, 1470. Kuna msitu wa miti iliyogeuka mawe, na masalia ya wanyama yaliyoachwa palepale yalipofukuliwa ili uyaone. Hesabu siku nzima ya kwenda kutoka Loiyangalani, usiku mmoja au miwili ya kulala, na siku nzima ya kurudi. Magharibi nako kuna historia ya aina hii: yule mvulana wa Turkana, mifupa karibu kamili ya miaka milioni 1.5 hivi, aligunduliwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu. Lakini mifupa halisi imehifadhiwa Nairobi, na Nariokotome ni mbali na Eliye. Anayeifuata historia ya binadamu kwa moyo wote, basi, aende mashariki, na Sibiloi iwe ndiyo safari yenyewe, si nyongeza.

Malipo ya kuingia hifadhi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Lipa ukiwa bado na mtandao, Marsabit au Lodwar, na uhifadhi risiti kwenye simu. Mashariki mtandao unakatika kwa saa nyingi.

Na jua: magharibi linachomoza majini, mashariki linazama majini. Wapiga picha wanaopenda kulala hadi saa mbili mnajua pa kwenda.

Usalama na afya

Pande zote mbili zimekuwa na wizi wa mifugo na mashambulizi ya njiani, magharibi zaidi kati ya Marich na Lokichar, mashariki katika njia za Baragoi na sehemu za Marsabit. Hali hubadilika kwa wiki. Usiulize Nairobi; uliza Kitale au Laisamis, kwa polisi na kwa madereva wa malori, asubuhi ya siku ya kuondoka. Usiendeshe usiku. Wakikwambia ungoje msafara, ngoja.

Malaria ipo, kwa hiyo chandarua na dawa. Nge wapo, kung'uta viatu kila asubuhi. Hospitali ya rufaa iko Lodwar, saa mbili kutoka ufuoni. Ukiwa Loiyangalani, hospitali kubwa ya karibu iko Marsabit, na hiyo ni safari ya kutwa. Kwa mjamzito, mzee mwenye presha au mtoto mchanga, hili peke yake linatosha kuamua magharibi, na hata hapo ningefikiria mara mbili kuhusu joto: Lodwar hupita nyuzi 35 mchana kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mfuko

Magharibi mtu mmoja anaweza kwenda kwa basi, akalala Lodwar, akapanda gari la abiria hadi Kalokol, akagawana mashua na wageni wengine. Gharama kubwa itakuwa mashua. Mashariki mtu mmoja hana njia rahisi. Gari la kukodi na dereva anayeijua njia hulipwa kwa siku, iwe mko wawili au sita, na siku ni nyingi. Mkiwa sita hesabu inaanza kukubali. Mkiwa wawili, nauli ya ndege ya Lodwar inaweza kuwa nafuu kuliko mafuta.

Kuhusu huyo dereva: usimchague kwa bei. Muulize alipita Chalbi lini mara ya mwisho, na tairi zake zina umri gani. Anayejibu la pili bila kusitasita, mpe kazi. Ukienda magharibi, swali liwe moja tu, nalo ni la nahodha: ni lini mara ya mwisho aliahirisha safari kwa sababu ya upepo. Kama jibu ni "sijawahi", shuka.